Jina Lililogeuzwa

Siku ya tatu tangu arudi kutoka Mirihi, Theodora Kapinga aliamka akasikia binti yake anacheka jikoni. Alibaki kitandani akisikiliza. Kilikuwa kicheko cha kujiachia, cha mtu aliyeshika tumbo, na tangu ashuke kwenye chombo hakuwa amekisikia mbele yake hata mara moja. Alichukua fimbo yake. Miaka tisa ya kuishi mahali ambapo kila kitu ni chepesi ilikuwa imeilegeza mifupa yake, na sasa hapa Mbinga hata kuvuka sebule ilikuwa safari. Akajikongoja hadi mlangoni mwa jikoni.

Imelda, binti wa miaka kumi na tano, alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya viazi. Aliyekuwa akimchekesha alisimama mbele ya jiko, kitenge kiunoni, anageuza maandazi kwenye mafuta. Alikuwa na uso wa Theodora. Paji lile lile, mwanya ule ule kwenye meno ya juu, kovu lile lile la kisu kidoleni. Tofauti ni kwamba mgongo wake ulikuwa umenyooka na mashavu yake yamejaa. Mgeni yeyote angeulizwa ni yupi kati yao mwenye nyumba, angemwonyesha huyu wa maandazi.

"Mama Imelda!" Kastori, mume wa Theodora, aliita kutoka uani. "Maji ya kuoga yapo?"

"Yapo!" walijibu wote wawili kwa pamoja.

Kicheko kikakatika. Yule wa jikoni aliinamisha kichwa. "Samahani, Mama Imelda," alimwambia Theodora. "Ni mazoea."

Theodora aligeuza uso. Alimtazama binti yake. "Kitoke jikoni kwangu," alisema.

"Siyo 'kitoke', Mama." Imelda aliweka kisu chini taratibu. "Atoke. Ni mtu. Anaitwa Dorotea."

*

Kabla ya kuondoka, Theodora alikuwa amekaa siku sita kwenye zahanati ya wasafiri, kofia ya kusomea fahamu kichwani, akijibu maswali na kukumbuka mambo kwa mpangilio: harufu ya nguo za baba yake, njia ya kwenda kisimani, namna ya kumbembeleza Imelda akiota ndoto mbaya. Sheria haikumruhusu mzazi yeyote kwenda mbali kwa zaidi ya miaka miwili bila kuacha naibu. Siku ya saba walimletea naibu wake, mwili wa nyuzi na maji ya chumvi, uso umepangiwa kuzeeka sambamba na kalenda. Wakapeana mikono. Theodora akapanda chombo kwenda kuchimba barafu kwenye ncha ya Mirihi ili walowezi wapate maji ya kunywa, na naibu akapanda gari kurudi Mbinga kumpikia uji mtoto wa miaka sita na kumtunza mama yake Theodora, Bibi Skolastika, ambaye hakuwa na mtoto mwingine.

Sheria hiyo hiyo ilisema jinsi mambo yatakavyokwisha. Mwenyewe akirudi, ndani ya siku thelathini naibu hukunjwa. Wawili hao hukaa wakitazamana, kila mmoja na kofia yake, na yote aliyoyaona naibu humwagikia kwa mwenyewe. Kinachobaki kwenye kiti cha pili hufunikwa shuka na kuondolewa. Waliokwisha kupitia wanasema baada ya wiki moja hujui tena lipi uliliona kwa macho yako na lipi uliletewa.

Kule kwenye barafu, hilo ndilo lililomfanya Theodora avumilie. Kila Jumapili aliongea na familia yake kwenye skrini, maneno yakichelewa dakika kadhaa, na kila Jumapili alijiambia kwamba hapotezi kitu, kwamba anawekewa. Komunyo ya kwanza ya Imelda, anawekewa. Jino la kwanza kung'oka, anawekewa. Mwaka wa saba, aliposomewa habari kwamba mama yake amefariki, alilia ndani ya vazi la kazini hadi kioo kikafunga ukungu. Kisha akajiambia kwamba hata hilo, kile kitanda na ule mkono wa mama, vinamngoja Mbinga.

Siku ya sita tangu arudi, barua ikaja kutoka ofisi ya Daftari la Majina, Songea. Aliisoma mezani, chai ikapoa.

"Umenishtaki," alimwambia Imelda.

"Sijakushtaki, Mama. Nimemwandikisha jina."

Kwa sheria, naibu hana jina lake. Anabeba la mwenyewe na tarakimu nyuma yake, na huyu kwenye karatasi alikuwa Theodora Kapinga wa Pili. Lakini kulikuwa na kifungu kimoja: naibu mwenye jina lake mwenyewe, linalojulikana na analoliitikia badala ya la mwenyewe, huyo ni mtu, na mtu hakunjwi. Yeyote wa nyumba hiyo aliyetimiza miaka kumi na tano aliweza kuomba. Imelda alikuwa ametimiza kumi na tano mwezi uliopita.

"Jina gani hilo?" Theodora aliuliza. "Dorotea ni jina langu."

"Ni lako limegeuzwa." Imelda aliivuta barua upande wake. "Sista alitufundisha darasa la kwanza maana ya majina yetu. Akasema la mama yangu ni la Wagiriki wa zamani: theos ni Mungu, doron ni zawadi. Mimi nilikuwa sijui nimwiteje yeye. Nikimwita Mama, wewe upo kwenye skrini. Nikimwita Theodora, naona kama nakuita wewe uje, na huji. Basi nikayabadilisha yale maneno, la nyuma nikaliweka mbele. Nikamwita Dorotea, akaitika. Baba akafuata, Bibi akafuata, mtaa mzima ukafuata."

*

Wiki mbili zilizofuata Theodora alilichunguza jina lake kama mtu anayepekua mifuko ya koti la mumewe. Alikaa barazani na kompyuta magotini, blanketi begani kwa baridi ya milima ile, akisoma. Alitaka kuthibitisha kwamba majina hayo mawili ni jina moja, na hakupata taabu. Kila kitabu kilisema vivyo hivyo: maneno mawili yale yale, maana ile ile, zawadi ya Mungu. Kilichobadilika ni kipi kitangulie.

Lakini kila alipoendelea kusoma, yale majina yalizidi kuachana njia. Theodora lilivaliwa na malkia wa Bizanti. Warusi wakalichukua, wakalitamka Fedora, na mwisho wake likaishia kuwa kofia ya wanaume yenye ukingo mpana. Dorotea lilikwenda kwingine. Lilikuwa la mfiadini wa kike anayechorwa na kikapu cha maua ya waridi na matofaa, ambaye wakulima wa bustani humwomba. Waingereza wakalikatakata wakapata jina la utani, na jina hilo la utani likaja kuwa neno lao la mwanasesere.

Hapo Theodora alicheka peke yake, kicheko kibaya. Alimwita Kastori aje asome.

"Umeona? Mwanasesere. Hata jina lenyewe linajua."

Kastori alisoma, akaivua miwani. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache, na mvi zilikuwa zimemwingia bila Theodora kuziona zikiingia. Hata hilo lilimuuma. Kuna mwingine aliyeuona unywele wa kwanza.

"Unataka nikuambie nini, Mama Imelda?"

"Niambie kama ulikigusa."

"Sikumgusa. Alilala chumba cha Bibi miaka yote tisa, na Bibi alipofariki akabaki humo humo."

"Basi kwa nini macho yako yanamfuata?" Neno lilikuwa limemtoka hivyo, 'yanamfuata', na alichukia kwamba limemtoka.

Kastori alikaa kwenye ngazi ya baraza. "Kwa sababu nimemzoea," alisema. "Nikirudi na daftari za wanafunzi, tunakaa, ananiuliza nani kafeli. Mwanzoni nilikuwa naongea na wewe kupitia kwake. Ukweli ni huo. Niliuliza kitu, nikangoja ajibu kama wewe, naye akajibu kama wewe. Halafu mwaka wa tatu au wa nne, sijui, akaanza kunijibu vingine. Alipenda kupanda maua, wewe hujawahi kupanda hata ua moja. Alianza kuimba kwaya. Nikaona huyu siye niliyemwoa. Tangu hapo nikamheshimu kama shemeji. Wewe nilikungoja."

Alitaka kumwamini. Lakini wivu hauna adabu. Haukumuuliza kama Kastori anasema kweli. Ulimwonyesha tu jioni mia tano za baraza hilo hilo, watu wawili, daftari, vicheko, na kiti chake kikiwa na mtu.

*

Siku ya ishirini, baada ya chakula cha mchana, alimwona Dorotea anapanda mteremko wa nyuma na jembe dogo mkononi, kuelekea makaburini. Theodora alimfuata. Ilimchukua nusu saa kufika pale ambapo mwenzake alifika kwa dakika tano, na kila alipopumzika kati ya mistari ya mibuni, hasira yake ilipata nguvu zaidi.

Kaburi la Bibi Skolastika lilikuwa limezungushiwa maua, safi, hakuna gugu. Dorotea alikuwa amepiga magoti anapalilia.

"Alisema nini mwishoni?" Theodora aliuliza, akihema. "Nina haki ya kujua."

Dorotea aliweka jembe chini. Hakugeuka mara moja. "Unayo. Nilikuwa nangoja uniulize. Nikikuambia, unaweza kunimaliza kwa neno hilo hilo."

"Niambie."

"Macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda. Wiki nzima aliniita Dorotea, kama siku zote. 'Dorotea, niinue. Dorotea, maji.' Asubuhi ile ya mwisho akashika mkono wangu, akaupapasa, akafika kwenye hili kovu. Akasema, 'Theodora? Umerudi?'" Alilishika kovu. "Nikaitika, 'Abee, mama.'"

Upepo ulipita kwenye mibuni.

"Akasema, 'Nilijua hutaniacha niende bila kukuona.' Hakusema tena. Alifariki kabla ya saa sita, na mkono wangu hakuuachia."

Theodora aliegemea fimbo kwa mikono miwili. Alihisi kama ameingia chumbani kwake akakuta sanduku limefunguliwa. "Hilo lilikuwa langu," alisema.

"Lilikuwa lako."

"Ulijua ni langu, na ukalichukua."

"Angekufa akikuita. Ningefanyaje?" Sasa Dorotea aligeuka. Machozi ya maji ya chumvi hayana tofauti na mengine. "Nikikunjwa utalipata. Utauhisi mkono wake kama mimi ninavyouhisi. Sikatai kwamba ni tamaa kubwa. Ningekuwa wewe… Nilikuwa wewe. Najua."

"Na kwa nini unaniambia? Msajili akisikia umeitikia jina langu, kesi imekwisha."

"Mwanao anasimama mbele ya watu kusema mimi ni mtu," Dorotea alisema. "Sitaki aseme hivyo huku mimi nimeficha jambo kama mwizi."

Walishuka wakifuatana. Katikati ya mteremko mguu wa Theodora uliteleza, na mkono ukamdaka kiwiko. Aliuvuta mkono wake haraka. Kisha, kwa kuwa mteremko ulikuwa bado mrefu, aliuacha ushikwe.

*

Msajili wa Majina alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Gaudensia Nchimbi. Siku hiyo ya ishirini na sita alikuwa na mafua makali, chupa ya chai ya tangawizi ubavuni na leso mkononi. Ofisi ilikuwa ndogo. Theodora na Kastori walikaa upande mmoja, Imelda na Dorotea upande wa pili, na kati yao palikuwa na mkeka mtupu usiozidi hatua mbili.

"Nimesoma maelezo ya pande zote," Msajili alisema. "Mama Theodora, umeleta kurasa arobaini kuhusu jina. Nimezisoma zote, na homa yangu hii. Nakubaliana nawe. Kwa maana, ni jina moja."

Imelda alishika mkono wa Dorotea.

"Lakini jina si maana tu, lina matumizi pia," Msajili aliendelea, akapenga kamasi. "Huwezi kumwita mfiadini kwa jina la malkia ukasema ni mamoja. Wanafalaki nao, kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii wameyapa majina mawe mawili ya angani, moja Theodora, jingine Dorotea. Kila moja na njia yake. Kwa kurasa hizi hizi naweza kuandika uamuzi wowote na hakuna atakayenilaumu. Kwa hiyo naziweka pembeni. Sheria inauliza jambo moja, nami nitakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye mwenye hasara. Tangu huyu apewe jina Dorotea, amewahi kuitikia la kwako?"

Dorotea alitazama sakafu. Hakumwomba kitu kwa macho, na hata hilo Theodora aliliona.

Neno moja tu. Ndiyo. Tena ni la kweli, hata dhambi hana. Jioni hiyo hiyo wangewavika kofia, na angeamka akiwa na kila kitu: jino la Imelda kiganjani, sauti yake mwenyewe kwenye kwaya, mvi ya kwanza ya Kastori, mkono wa mama ukipapasa kovu. Binti yake angemchukia. Lakini angekuwa na miaka tisa ya kumkumbuka akimpenda. Alijaribu kuona kama hilo lingetosha. Aligundua kwa hofu kwamba zipo saa ambazo lingetosha.

"Mara moja," alisema.

Imelda alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa sindano.

"Mama yangu alikuwa anakufa," Theodora aliendelea. "Aliniita mimi. Sikuwepo. Huyu akaitika." Msajili alimsogezea kikombe, akakataa kwa kichwa. "Wiki nzima kabla ya hapo mama alimwita Dorotea. Mama alikuwa na watu wawili kichwani mwake, na alijua yupi yupo na yupi hayupo. Alipotaka wa pili, akabadilisha jina. Angekuwa anaona ni mtu mmoja, asingehitaji kuuliza kama nimerudi."

"Endelea."

"Aliponiambia, nilitamani kumpiga kwa hii fimbo. Siku ishirini na sita naamka na wivu, nalala na wivu. Namwonea wivu mgongo wake. Namwonea wivu maandazi. Binti yangu akicheka naye naumwa hapa." Alijigusa kifuani. Sasa alikuwa analia na hakujali. "Ningekuwa nimerudi nikakuta nafsi yangu, ningefurahi. Ningesema, ahsante, umenitunzia. Lakini nimekuta mtu. Mtu hajionei wivu mwenyewe, Bi Msajili. Andika anavyoitwa."

Msajili aliweka kalamu chini. Alimtazama Theodora juu ya leso yake. "Unaelewa kwamba akishaandikwa, vyote vilivyomo kichwani mwake ni vyake? Hutaletewa chochote. Miaka hiyo imekwenda."

"Naelewa."

"Na hapo nyumbani kwako hawezi kubaki kama naibu. Atakwenda atakako, na atakayetaka kumtembelea hatazuiwa."

Theodora alimwangalia Imelda. Binti alikuwa ameinuka, amesimama kwenye ule mkeka katikati ya pande mbili, hajui akimbilie wapi. Mwishowe alikuja upande wa mama yake. Alipiga magoti, akaegemeza kichwa kwenye mapaja yake, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu akiwa na miaka sita. Kichwa kilikuwa kizito. Theodora aliweka mkono kwenye nywele zake na hakujua azishike vipi. Yule wa upande wa pili angejua.

"Naelewa," alisema tena.

Muhuri ukapigwa. Msajili akatoa fomu, akaisukuma upande wa Dorotea pamoja na kalamu. Dorotea alianza kujaza. Jina la kwanza alilijaza bila kusita, kwa mwandiko ule ule wa Theodora. Kisha kalamu ikasimama.

"Wanauliza jina la mama," alisema taratibu. "Niache wazi?"

"Hairuhusiwi kuacha wazi," Msajili alisema.

Dorotea aliinua macho. Theodora aliusikia wivu ukiinuka tena, ule ule, haujapungua hata kidogo. Kitu cha mwisho kilichobaki kuwa chake peke yake kilikuwa kinaombwa. Alikumbuka kaburi lisilo na gugu. Akauacha wivu ukae pale ulipokaa, akasema juu yake.

"Skolastika Kapinga. Wewe ndiye uliyemzika."

Dorotea aliandika, herufi moja moja, kama mtu anayeogopa karatasi itachanika. Alifuta macho kwa kiganja, akashuka mstari unaofuata.

"Hapa wanauliza mzaliwa wa ngapi…"

"Wa pili," Theodora alisema upesi. "Wa kwanza ni mimi."